Kuufuata mto wenye jina la baba: Saint-Laurent, kutoka Kingston mpaka Havre-Saint-Pierre

Tumesharudi Toronto wiki ya pili sasa, picha nimezihamishia kwenye kompyuta na kidaftari changu kimejaa madoa ya chai na mafuta ya samaki, nimeona niandike kabla sijasahau, maana kabla ya kuondoka nilitafuta maelezo ya njia hii kwa Kiswahili nikakosa kabisa.

Kwanini mto huu wa Kanada? Baba yangu anaitwa Laurenti. Alizaliwa Bukoba tarehe 10 Agosti, padre akafungua kalenda akakuta ni sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, yule shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, jina likapatikana hapohapo. Nimeishi huku miaka mingi ndo nikaja kujua kwamba huu mto nao jina lake lilitoka kwenye kalenda hiyohiyo. Tarehe 10 Agosti 1535 Mfaransa Jacques Cartier aliingiza meli zake kwenye kighuba kimoja pwani ya kaskazini, mkabala na kisiwa cha Anticosti, siku ilikuwa ya Laurenti basi akakiita Saint Laurent. Kighuba tu jamani! Mto wenyewe yeye aliuita mto mkubwa wa Hochelaga. Ni wachora ramani wa Ulaya waliolitandaza lile jina, likafunika ghuba yote, likapanda mpaka mtoni. Nilipomsimulia baba kwenye simu alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Basi mwanangu nenda kaniangalizie pale unapoacha kuwa mto."

Ndo ikawa safari. Tulikuwa watatu, mimi, kaka yangu na wifi. Wifi amekulia Buyenzi kule Bujumbura, Kifaransa anakimwaga kama maji, na kwa kweli bila yeye nusu ya mambo nitakayosimulia hapa yasingetokea.

Siku ya 1, tarehe 3 Agosti: Toronto – Kingston – Gananoque

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, barabara ya 401 haina cha kusimulia, kilomita kama 265 za malori na vituo vya mafuta mpaka Kingston.

Kingston ndipo Ziwa Ontario linapokwisha na mto unaanza. Mtu wa Kanda ya Ziwa atanielewa nikisema nilisimama pale nikaikumbuka Jinja, pale Nyanza inapogeuka Nile. Ila hapa huoni maji yakijikusanya na kuondoka, ni mapana vilevile, unaambiwa tu kuanzia hapa ni mto. Nikachovya kidole nikaonja, maji baridi kabisa, matamu. Nilikuwa nimejipangia kuonja kila kituo ili nimjibu baba swali lake kwa ulimi na si kwa ramani.

Gananoque tukapanda boti ya kuzungukia Visiwa Elfu. Wenyewe wanahesabu visiwa 1,864, na ili kihesabiwe lazima kikae juu ya maji mwaka mzima na kiwe na mti. Kuna kimoja kina nyumba moja, mti mmoja na bendera, basi, kimejaa. Tulilipa kama dola 40 za Kanada kila mtu.

Kwa anayekuja: kama mnataka kushuka kwenye ile ngome ya Boldt Castle, kile kisiwa kiko upande wa Marekani, mpaka unapita katikati ya mto. Bila pasi na viza mtabaki kuiangalia kwenye boti kama tulivyoiangalia sisi.

Siku ya 2: Long Sault, vijiji vilivyozama

Hapa nilipanga tusimame nusu saa, tukakaa saa tatu.

Miaka ya hamsini Kanada na Marekani zilikubaliana kuufungua mto kwa meli kubwa za baharini na kujenga bwawa la umeme pale Cornwall. Tarehe 1 Julai 1958 walilipua kizuizi, maji yakaanza kupanda, na kwa siku chache vijiji vya kando ya mto upande wa Ontario vikawa chini ya maji. Watu kama 6,500 walihamishwa. Njia ya meli ikafunguliwa rasmi 1959. Miaka hiyohiyo Wabatonga walikuwa wanaondolewa bonde la Zambezi kupisha Kariba, wao makumi ya elfu, kwahiyo nikisoma yale mabango nilikuwa naona mito miwili kwa wakati mmoja.

Kuna makumbusho madogo yenye nyumba chache zilizookolewa. Bibi mmoja anayejitolea pale alituona tumesimama muda mrefu mbele ya ramani akaja. Alikuwa na miaka minane mwaka ule. Akaniwekea kidole juu ya ramani, kidole kimepinda kwa baridi yabisi, akaanza kukitembeza taratibu: hapa shule, hapa duka, hapa kwa shangazi. Chini ya kidole chake karatasi imechorwa bluu tupu. Akasema nyumba yao ilibebwa nzimanzima juu ya mtambo wenye magurudumu makubwa, mama yake akaacha vikombe kabatini kwasababu waliahidiwa havitavunjika, na kweli havikuvunjika. Halafu akatuelekeza pale barabara ya zamani inapoingia majini na kupotelea humo. Tukaenda. Lami unaiona mita kadhaa ndani ya maji, imeota majani ya kijani, samaki wadogo wanapita juu yake.

Kimoja cha vile vijiji kiliitwa Santa Cruz, Msalaba Mtakatifu. Jina halikuhamishwa na nyumba.

Jioni Montreal.

Siku ya 3: Montreal

Huku Saint-Laurent imejaa kila mahali. Kuna barabara kuu ya Saint-Laurent inayokata mji mashariki na magharibi, namba za nyumba zinaanza kuhesabiwa kutoka pale kwenda pande zote mbili, na kuna mtaa mzima mwingine wa Saint-Laurent mbali huko karibu na uwanja wa ndege, tulipotea mara mbili kwa sababu hiyo. Ukiweka anwani kwenye simu angalia vizuri ni Saint-Laurent ipi.

Mchana tulikula kwa mama mmoja wa Bukavu, ana meza sita tu, pondu (kisamvu), fufu na makayabu (samaki wa chumvi), dola 18 sahani na sahani yenyewe watu wawili wanashiba. Aliposikia Kiswahili cha wifi akatoka jikoni na mwiko mkononi, wakaanza kuulizana ukoo, mwisho tukaletewa ndizi za kukaanga za bure na chupa ya pilipili ya kwenda nayo njiani, akasema "huko mnakoenda hawana pilipili, mtakufa na chakula cheupe." Kaka akamuuliza makayabu anayatoa wapi, akasema duka la Wareno. Nikawaza, chewa wa chumvi kama hawa ndio waliowaleta Wazungu kwenye hii ghuba karne na karne, wakavua mpaka miaka ya tisini serikali ikafunga uvuvi wenyewe kwakuwa samaki walikuwa wamekwisha.

Ng'ambo ya mto ni Kahnawake, ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa huku. Kwa lugha yao mto huu ni Kaniatarowanenneh, njia kubwa ya maji. Nililiandika kwenye daftari herufi kwa herufi nikalisoma kwa sauti mpaka wifi naye akalishika. Hilo jina linakwambia kitu chenyewe ni nini, hata kama hujawahi kukiona.

Maji ya Montreal sikuonja. Pale Lachine niliona maporomoko madogomadogo yaliyomzuia Cartier asiendelee juu, maji yanachemka meupe, nikaona niyaache.

Siku ya 4: Montreal – Jiji la Quebec

Tulipita Trois-Rivières kunywa kahawa tu. Jina maana yake mito mitatu lakini mto ni mmoja, Saint-Maurice, una midomo mitatu. Mtakatifu mwingine huyo. Kuanzia hapa ukifungua ramani utachoka, kila kijiji ni Saint nanihii, Sainte nanihii.

Quebec ni neno la wenyeji wa Kialgonkini, pale mto unapobana. Na kweli unabana. Tulipanda pantoni ya kwenda Lévis na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, dola chache tu, na ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga za mji ule. Maji yalikuwa yanapwa, unaona ule mstari wa unyevu kwenye kuta za bandari umeachwa juu karibu urefu wa nyumba ya ghorofa. Mto wenye kujaa na kupwa! Mvuvi mmoja ukutani akamwambia wifi kwamba chumvi bado, tusubiri tuvuke kisiwa.

Chumba: hapa ndo tuliumia. Gesti tuliyobuku mwezi mzima kabla ilitwambia mlangoni kwamba nafasi imeuzwa mara mbili, saa nne usiku. Tukaishia hoteli ya pembeni mwa mji dola 210. Agosti pigeni simu siku moja kabla kuhakikisha, msitegemee ujumbe wa kwenye programu.

Siku ya 5: Île d'Orléans, halafu Tadoussac

Kile kisiwa kina parokia sita za zamani na mojawapo ni Saint-Laurent, ndiyo maana tulikwenda. Kanisa liko kandokando kabisa ya maji. Lilikuwa limefungwa. Tukakaa kwenye nyasi tukala mkate, jibini na stroberi tulizonunua barabarani, meza imewekwa na kopo la kutia hela, hakuna muuzaji, unaaminiwa tu, dola 6.

Kabla ya daraja kujengwa 1935 watu wa kisiwani waliishi kwa mashua, na kijiji cha Saint-Laurent kilikuwa cha mafundi wa kuzitengeneza. Karakana moja imehifadhiwa, ndani inanuka mbao na lami ya kuzibia. Kaka, ambaye utoto wake wote ameuza dagaa mwaloni, alipitisha kiganja kwenye ubavu wa mashua akasema "hizi mbao wamezipishanisha, sio za kugongeana," kijana wa pale akafurahi akamwonyesha misumari, wakaelewana bila lugha.

Hapo kwenye nyasi ndipo nilipowasimulia habari ya mtakatifu mwenyewe. Inasimuliwa kwamba watawala wa Roma walimwamuru Laurenti akabidhi hazina ya Kanisa, akaomba siku tatu, akagawa kila kitu, siku ya tatu akaja na maskini, vilema na wajane akasema hazina ndiyo hii. Wakamchoma kwenye chuma cha makaa. Baba alikuwa akitusimulia hii kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo hakuna mtu aliyekuja kuomba kitu mlangoni kwetu akaondoka mikono mitupu, hata kama ni mkungu mmoja wa ndizi uliobaki.

Na jina limetembea. Tarehe 10 Agosti 1500 Mreno Diogo Dias, aliyepotezana na wenzake kwa dhoruba, aliiona Madagaska, Wareno wakaiita São Lourenço, wakati wazee wetu wa pwani walikuwa na jina lao, Bukini. Tarehe 10 Agosti 1728 Vitus Bering akaona kisiwa karibu na Alaska, nacho kikaitwa Saint Lawrence, wenyewe wanakiita Sivuqaq. Kote huko ni siku tu iliyofika, kama sisi tunavyowaita watoto Juma, Hamisi, Ramadhani. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mtoto huwa hana jina kabla. Sehemu hizi zilikuwa nalo.

Jioni barabara ya 138 inapanda na kushuka milima ya Charlevoix, breki zikaanza kunuka, tukapumzika mara mbili. Baie-Sainte-Catherine barabara inakatika, unavuka mdomo wa mto Saguenay kwa pantoni. Ni bure, usiku na mchana, dakika kama kumi. Kaka alitoa pochi akairudisha mfukoni akasema wa Kigamboni wangepata habari hii.

Siku ya 6: Tadoussac

Nyangumi. Sitaandika mengi kuhusu boti, tulilipa kama dola 100 kila mmoja, baridi ilikuwa kali Agosti hii, vaeni sweta mbili. Aliyenishika ni wale weupe, beluga. Niliwaona kutoka juu ya miamba wala sio kwenye boti, migongo inatoka kama povu la wimbi ila povu halirudi mahali palepale likipumua. Wako hapa kwasababu chini ya maji kuna mfereji wenye kina kirefu unaotoka baharini, ukifika karibu na Tadoussac sakafu inapanda ghafla, maji baridi yanasukumwa juu na vijidudu vyote wanavyokula samaki na nyangumi. Kuna wakati waliwindwa na hata kurushiwa mabomu kutoka kwenye ndege, karibu miaka mia iliyopita, kwa imani kwamba wanamaliza samaki wa wavuvi. Uwindaji ulipigwa marufuku 1979 na mpaka leo wako hatarini.

Msio na hela ya boti nendeni Cap-de-Bon-Désir, kilomita kama 25 mbele, unakaa juu ya mwamba na chai yako na nyangumi anapita karibu.

Nikachovya kidole. Chumvi, ya kutosha kupikia ugali wa mtu asiyependa chumvi. Nikamtumia baba ujumbe wa sauti, akajibu: "Bado mto huo. Endelea."

Siku ya 7: Tadoussac – Sept-Îles

Kilomita kama 430. Baada ya Baie-Comeau vituo vya mafuta vinakuwa mbalimbali na simu inakosa mtandao vipande virefu, jazeni tenki na pakueni ramani mapema.

Mbele ya Godbout tukapata pancha. Tukafungua buti, hakuna tairi la spea, kampuni iliyotukodishia ilitupa kichupa cha gundi na kapampu, na tundu lilikuwa ubavuni, gundi inatoka kama maziwa. Mbu wale weusi wadogo wakatuvamia. Tulikaa dakika 50, gari nne zikapita, ya tano pikapu ikarudi kinyumenyume mpaka kwetu.

Mzee wa Kiinnu, wenyeji wa asili wa pwani hii, na mjukuu wake wa kike. Alitazama tairi, akatikisa kichwa, akalifungua, akalitupa nyuma ya pikapu yake na kumchukua kaka, wakaenda mpaka Port-Cartier kwa fundi anayemfahamu na kurudi. Mjukuu aliachwa na sisi, akatupa dawa ya mbu na akatufundisha kusema *tshinashkumitin*, ahsante. Nilikaa na hilo neno mdomoni mpaka babu yake aliporudi, nikamwambia, akacheka mpaka akajishika kofia. Hela ya usumbufu alikataa. Fundi tulimlipa dola 120 kwa tairi lililotumika.

Anakaa Mani-utenam, karibu na Sept-Îles. Wifi akamuuliza jina maana yake nini, akasema ni mji wa Maria. Mani ndiye Maria. Limepita kwenye midomo yao mpaka limekuwa lao, hulitambui mpaka uambiwe. Nikamwambia mtoni kwenu hapa pana jina la baba yangu, nikamtamkia kama bibi yangu alivyokuwa akilitamka, Laulenti, na yeye akalirudia hivyohivyo.

Siku ya 8, tarehe 10 Agosti: Havre-Saint-Pierre

Kilomita 220 za mwisho, vinamasi na misonobari mifupi, kimya. Nilitaka boti ituelekeze kwenye kighuba cha Cartier. Ukungu. Safari zote zimefutwa, tukarudishiwa hela yetu bila shida. Mwenye gesti alisikitika kuliko sisi, akampigia jirani yake mwenye mashua, naye akasema hapana, haoni hata gati lake. Ila akaja, akatuchukua kwa miguu mpaka ufukweni na kunyoosha mkono mashariki ndani ya ule weupe: kule. Siku hizi panaitwa ghuba ya Sainte-Geneviève.

Ilikuwa saa sita mchana, Bukoba saa moja jioni. Nikachovya kidole, nikampigia.

"Shikamoo baba, heri ya kuzaliwa."

"Marahaba. Chumvi?"

"Chumvi kabisa, kama ya Dar."

"Ng'ambo unaiona?"

"Sioni, kuna ukungu."

Akaniomba nishushe simu karibu na maji. Nikachuchumaa, wimbi dogo linaingia kwenye kokoto na kutoka, linaingia na kutoka. Aliposhiba akauliza kile kighuba chenyewe sasa kinaitwaje, nikamwambia. Akasema, "Ah, wamempa Genoveva. Vizuri. Na yule mzee aliyewatengenezea tairi mlimpa nini?"

Nikamwambia alikataa hela, lakini kaka alimwachia ile chupa ya pilipili ya mama wa Bukavu. Hapo akaridhika.

Usiku ukungu ulifunguka kidogo, tukaona vimondo viwili. Wazungu wanaviita machozi ya Laurenti kwasababu vinaanguka wingi siku hizi za Agosti.

Kurudi tulivuka kwa pantoni kutoka Godbout mpaka Matane, zaidi ya saa mbili, hiyo ni ya kulipia na gari lazima ulibukie nafasi, halafu tukashuka upande wa kusini. Mafuta ya safari nzima yalikuwa dola 460. Jiwe moja la kijivu nililookota Havre-Saint-Pierre nimelifunga kwenye soksi, litakwenda Bukoba na mtu anayesafiri Desemba.